Wapinzani wa Mfalme



Baba mmoja wa familia ametuletea swali. Asema amesikia redioni sauti za wabunge wa Uingereza wakijadiliana. Mmoja alisimama kusema, wengine wakaguna, wakacheka, wakampigia makelele kama watu wa mnadani. "Je," auliza, "hawa ndio waliokuja kutufundisha adabu? Na kama wanachukiana hivyo, mbona hawapigani?"

Swali la kwanza namwachia mwenyewe alijibu. La pili nitajaribu kulieleza, maana si swali la Waingereza peke yao. Katika vijiji vyetu wapo majirani ambao tangu uchaguzi uliopita hawaazimani hata jembe. Wapo waliokataa kwenda kuzika kwa sababu marehemu alivaa fulana ya chama kingine. Kwetu neno "mpinzani" limekaribia sana neno "adui". Uingereza nako lilikuwa hivyo kwa muda mrefu, na katika damu iliyomwagika ilikuwamo damu ya Wakatoliki. Basi keti, nikusimulie.

Kwanza fahamu chumba chenyewe. Usifikiri ukumbi mpana wa duara. Ni chumba chembamba, mabenchi yamepangwa pande mbili yakitazamana, mfano wa waimbaji wa kanisani wanaopokezana zaburi. Na kweli asili yake ni kanisa. Tangu karne ya 16 hata mwaka 1834, jumba lilipoteketea kwa moto, wabunge walikutana katika Kanisa dogo la Mtakatifu Stefano, lililokuwa la wafalme, ambamo zamani Misa ilisomwa. Walikalia viti vya waimbaji, nusu huku na nusu huku, na mtindo huo ukabaki. Bomu la Wajerumani lilipokibomoa chumba kipya mwaka 1941, Churchill alishikilia kijengwe tena kwa umbo lilelile, tena kidogo vilevile. Leo wabunge ni 650, na nafasi za kukaa ni 427 tu. Siku ya jambo kubwa wengine husimama mlangoni kama sisi siku ya Pasaka.

Upande mmoja hukaa serikali, yaani chama chenye wabunge wengi. Mbele yao hukaa wapinzani. Juu ya zulia kuna mistari miwili myekundu, na mbunge asemaye hana ruhusa kuivuka. Husimuliwa ya kwamba nafasi iliyo katikati ni urefu wa panga mbili na inchi moja zaidi, ili mwenye hasira asimfikie mwenziwe. Panga hazipo tena, mistari ipo.

Tena kuna adabu ambayo redioni huisikii vizuri. Hakuna amwambiaye mwenziwe "wewe". Maneno yote huelekezwa kwa Spika, na mwingine hutajwa kama "mheshimiwa mbunge wa mahali fulani". Kumwita mbunge mwongo ni marufuku. Mwezi Julai 2021 mbunge mmoja wa upinzani, Dawn Butler, alitolewa nje kwa kusema ya kwamba Waziri Mkuu Boris Johnson amewadanganya watu, naye akakataa kuyafuta maneno yake. Utasema, basi mwongo amelindwa! Ngoja kidogo. Baadaye kamati ya wabunge saba ilichunguza mambo mengine aliyoliambia Bunge huyo Johnson, juu ya sherehe zilizofanywa katika ofisi za serikali wakati wa korona. Wanne kati ya wale saba walikuwa wa chama chake mwenyewe. Mwezi Juni 2023 walitoa hukumu kwamba alilipotosha Bunge kwa makusudi, na Bunge likaikubali kwa kura 354 dhidi ya 7. Yeye alikuwa amekwisha kuacha ubunge. Kwa hiyo hapo mtu hakatazwi kuthibitisha uongo wa mwenziwe. Akatazwa kumtupia neno hilo usoni katikati ya mabishano.

Sasa turudi nyuma, wakati mambo hayo yalipokuwa bado hayajulikani.

Mwaka 1523 wabunge walimchagua Thomas More awe Spika wao. Alimwomba Mfalme Henry wa Nane jambo moja: kila mbunge awe huru kusema lililo moyoni mwake bila kuiogopa hasira ya mfalme. Ndiye Spika wa kwanza ambaye ombi lake la namna hii limehifadhiwa katika maandishi. Husimuliwa pia ya kwamba Kardinali Wolsey, mkuu wa mawaziri, alikuja Bungeni mwenyewe na msafara wa watumishi kudai kodi kubwa. Wabunge wakanyamaza kimya, wala hakuna aliyefumbua kinywa. More akapiga magoti, akaeleza kwa upole kwamba si desturi ya Bunge kujibu namna ile. (Kardinali alikuwa wa Kanisa letu, lakini katika habari hii mimi nasimama na Spika.)

Miaka 12 baadaye mfalme yuleyule alimkata kichwa. Kosa lake ni kukataa kuapa ya kwamba mfalme ndiye mkuu wa Kanisa katika Uingereza. Hakuchochea watu, hakushika silaha. Alikataa tu kiapo, akanyamaza. Alihukumiwa katika Ukumbi wa Westminster, na akiwa anakaribia kufa alisema yeye ni mtumishi wa mfalme, lakini kwanza ni wa Mungu. Kanisa lilimtangaza Mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamweka kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa.

Tazama shida ilipokuwa. Sheria za siku zile hazikuwa na mahali pa kumweka mtu ampendaye mfalme na huku akikataa neno moja la mfalme. Ama wakubali yote, ama wewe ni msaliti.

Vyama vyenyewe vilizaliwa katika ugomvi wa dini. Tangu mwaka 1678 mbunge alitakiwa kuapa kinyume cha imani yetu juu ya Ekaristi, ndipo Wakatoliki wakafungiwa mlango wa Bunge. Mwaka 1679 ukaja ugomvi mwingine. Mfalme Charles wa Pili hakuwa na mtoto wa ndoa, na ndugu yake James, mrithi wake, alikuwa ameingia dini ya Katoliki. Wabunge wengine wakataka sheria ya kumzuia James asirithi, wengine wakasema mrithi ni mrithi. Wale wa kwanza wakaitwa Whig, jina la waasi wa Scotland. Wa pili wakaitwa Tory, jina la wanyang'anyi wa maporini Ireland. Yalikuwa matusi hayo! Lakini wenyewe wakayazoea, na hata leo chama cha Conservative huitwa Tory. Whig ndio mababu wa chama cha Liberal. Labour ni chama cha baadaye, kilianzishwa mwaka 1900 na vyama vya wafanyakazi pamoja na wasoshalisti.

Marufuku ile ya Wakatoliki ilidumu miaka mia na hamsini. Ireland ilijaa Wakatoliki, na Bunge lililowatungia sheria halikuwa na Mkatoliki hata mmoja. Ndipo akatokea mwanasheria Daniel O'Connell. Mwaka 1828, kulipokuwa na uchaguzi katika jimbo la Clare, alisimama kugombea akijua wazi kwamba kiapo kitamzuia. Sheria ilimkataza kukaa Bungeni, haikumkataza kuchaguliwa. Wakulima wakaenda kupiga kura, wengi wao wakifuatana na mapadre wao. Nakuomba ukumbuke kwamba siku zile kura haikuwa ya siri. Mtu alitaja mbele ya watu anamchagua nani, na mwenye shamba alimokaa aliweza kumfukuza kesho yake. Hata hivyo O'Connell alipata kura zaidi ya mara mbili za mwenziwe, ambaye alikuwa waziri.

Waziri Mkuu alikuwa Duke wa Wellington, askari mzee wa chama cha Tory, wala hakuwa rafiki wa haki za Wakatoliki. Robert Peel, waziri wake wa mambo ya ndani, alikuwa amezipinga miaka mingi. Lakini waliona ya kwamba njia mbili tu zimebaki, kubadili sheria au vita ndani ya Ireland. Wakachagua sheria. Chama chao kikagawanyika, marafiki wa zamani wakawaita wasaliti, Peel akapoteza kiti chake cha Oxford, ikambidi atafute jimbo jingine. Sheria ya mwaka 1829 ilipita kwa sababu wapinzani wao, Whig, waliwaunga mkono. Wangeweza kuiacha serikali ianguke, wacheke. Hawakufanya hivyo.

Habari hii si tamu yote. Pamoja na sheria ile ilitungwa nyingine kwa Ireland. Zamani mwenye shamba la thamani ya shilingi 40 kwa mwaka alikuwa na kura, na sasa ikatakiwa pauni 10. Wakulima walewale waliomchagua O'Connell wakapoteza kura zao. Matajiri Wakatoliki waliingia Bungeni, na maskini waliowafungulia mlango wakabaki nje. Yafaa tulikumbuke hilo kila tusikiapo wakubwa wa pande mbili wamepatana.

O'Connell mwenyewe alifika Bungeni mwezi Mei 1829. Wakampa kiapo cha zamani, kwa kuwa alichaguliwa kabla ya sheria mpya. Akakisoma, akasema kwamba ndani yake kuna jambo ajualo ni la uongo, na jingine asiloamini kuwa ni kweli. Wakamrudisha kwa wapiga kura wake. Wakamchagua tena bila mshindani, na mwaka 1830 akakaa kitini.

Katika miaka hiyo ndipo lilipozaliwa jina nililoliweka juu ya ukurasa huu. Mwaka 1826 mbunge John Cam Hobhouse alisema kwa mzaha ya kwamba, kama vile wapo mawaziri wa Mfalme, basi wapo na Wapinzani wa Mfalme. Watu wakacheka, lakini jina likakaa. Maana yake ni kwamba apingaye serikali hapingi nchi. Mwaka 1937 wakaenda mbele zaidi: sheria ikampa Kiongozi wa Upinzani mshahara wa pauni 2,000 kwa mwaka kutoka hazina ya serikali. Fikiri, msomaji! Serikali inamlipa mtu ambaye kazi yake ni kuamka asubuhi na kutafuta makosa yake.

Kazi hiyo ilionekana mwezi Mei 1940. Vita vilikuwa vimeanza, na majeshi ya Uingereza yalikuwa yameshindwa katika Norway. Wakati wa vita watu wengi husema, sasa kila mtu anyamaze. Wao walijadili siku mbili. Kila chama kina viranja, na jina lao la Kiingereza latokana na mtu wa kuswaga mbwa wa kuwinda kwa mjeledi. Hao huwaletea wabunge karatasi, na jambo lililopigiwa mistari mitatu chini yake ni amri: njoo upige kura na chama chako. Siku ile wabunge kama 40 wa upande wa serikali waliwaasi viranja wao, wakapiga kura pamoja na wapinzani. Kwa kura 281 dhidi ya 200 Waziri Mkuu Neville Chamberlain alishinda. Lakini ushindi huo ulikuwa mdogo mno kwa mtu aliyezoea kuwapita kwa kura zaidi ya 200, akajiuzulu. Churchill akashika serikali, na Clement Attlee, mkuu wa wapinzani, akaingia ndani ya baraza lake. Wakafanya kazi pamoja miaka mitano. Mwaka 1945 wakashindana katika uchaguzi, Attlee akashinda, na Churchill akaenda kukaa benchi la wapinzani.

Usidhani ninawasifu kwa yote. Makelele aliyoyasikia baba yetu ni hasa ya saa sita mchana siku ya Jumatano, Waziri Mkuu anapoulizwa maswali kwa nusu saa. Chumba hujaa mpaka mlangoni. Siku nyingine, wanapojadili mambo ya wagonjwa au ya wafungwa, huenda ukawahesabu wabunge kwa vidole. Tena hesabu ya kura zao ina kasoro. Katika uchaguzi wa Julai 2024 chama cha Labour kilipata kura kama 34 katika kila 100, nacho kikapata viti 411 kati ya 650. Mwalimu Nyerere, aliyeujua vema mtindo wa Waingereza, aliandika mwaka 1963 ya kwamba vyama viwili namna hii vyaweza kuifanya siasa mchezo wa mpira. Nchi yetu ikashika njia ya chama kimoja mwaka 1965, ikarudi kwenye vyama vingi mwaka 1992. Vyama tuliweza kuviruhusu kwa sheria ya siku moja. Ile desturi ya kumtofautisha mpinzani na adui, Waingereza wenyewe walihesabu miaka mia tatu tangu Thomas More mpaka O'Connell.

Ule Ukumbi wa Westminster, alimohukumiwa More, haukuungua mwaka 1834, na hata leo umesimama. Sakafuni wameweka bamba la shaba mahali aliposimama akisomewa mashtaka. Tarehe 17 Septemba 2010 Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliingia humo, akawahutubia wakubwa wa nchi, akamtaja More kwa jina. Miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo Mawaziri Wakuu wanne wa zamani, wawili wa Conservative na wawili wa Labour.