Maoni: Kadena ya kuzuia mwizi isiwafungie wafanyakazi ndani ya moto

Katika miji yetu ya RDC, mtu akifungua depo, duka ao ofisi, haraka sana ananunua vyuma: antivol kwenye madirisha, mlango wa chuma mbele, na kadena kubwa kwenye mlango wa nyuma. Hakuna wa kumlaumu. Wezi wapo, na kila mfanyabiashara wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi anajua jirani aliyevunjiwa usiku. Lakini kuna swali ambalo wakubwa wa kazi wengi hawajiulizi: moto ukiwaka saa nne asubuhi, watu wakiwa ndani, watatokea wapi?

Kwangu, usalama wa moto kazini unaanza na mlango, si na mtungi mwekundu unaoning'inia ukutani. Mtungi ni wa lazima, lakini unasaidia tu moto ukiwa bado mdogo na anayejua kuutumia akiwa karibu. Moto ukishashika dari, kinachobaki ni kutoka. Tena wengi wanaokufa katika moto wa majengo wanauawa na moshi, si miali. Moshi unajaza chumba kwa dakika chache, mtu haoni tena njia, anaanguka. Hana muda wa kumtafuta mkubwa mwenye funguo mfukoni.

Jambo hili limekwisha kulipiwa kwa damu kwingine. Tarehe 25 Machi 1911, New York, moto uliua watu 146 katika kiwanda cha nguo cha Triangle, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa, kwa sababu wenye kiwanda waliogopa wizi. Miaka 101 baadaye, tarehe 11 Septemba 2012, watu zaidi ya 250 walikufa katika kiwanda cha Ali Enterprises huko Karachi, Pakistan. Milango ilifungwa, madirisha yalikuwa na vyuma. Mahakama ilisema baadaye kwamba moto huo uliwashwa kwa makusudi. Lakini aliyewasha moto siye aliyefunga milango. Na wiki chache kabla, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira mazuri ya kazi. Karatasi haikumfungulia mtu mlango.

Tusiseme hayo ni ya mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2018, moto uliteketeza depo ya CENI mjini Kinshasa pamoja na mashine za kupigia kura karibu 8000, siku kumi tu kabla ya uchaguzi, ambao ulisogezwa hadi tarehe 30. Ikiwa mali ya taifa inaweza kuungua hivyo kwa usiku mmoja, depo ya kawaida yenye wafanyakazi ishirini mchana itakuwaje? Vyanzo vya moto tunavyo kila siku: umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, nyaya zilizounganishwa ovyo, jenereta na bidoni za esansi chini ya ngazi, mbabula nyuma ya duka. Na magari ya wazima-moto ni machache, tena katika mitaa kama ile ya Kadutu njia zenyewe ni nyembamba. Dakika za kwanza ni zetu wenyewe.

Wengine watasema: mlango wa nyuma ukiachwa wazi, bidhaa zitatoka nazo. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina jibu. Fundi wa vyuma yeyote anaweza kutengeneza mlango usiofunguka kutoka nje, ila ndani unafunguka kwa komeo, bila funguo. Anaweza pia kuweka bawaba kwenye antivol ya dirisha moja. Watu wakiwa kazini, kadena itolewe. Kama kuna hofu ya wizi, mlinzi akae hapo. Na yeyote anayebaki ndani usiku, awe mlinzi ao mchoma mikate, asifungiwe kutoka nje.

Baada ya mlango, mazoezi. Mara mbili kwa mwaka, nusu saa inatosha: filimbi inalia, wote wanatoka, wanakutana mahali palipokubaliwa, majina yanasomwa. Ajulikane mapema nani atamsaidia mama mwenye mimba ao mtu mwenye ulemavu. Na kila mtu aelewe kwamba hakuna kurudi kuchukua simu.

Sheria nambari 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, yaani Kanuni ya Kazi, inamtaka mwajiri ahakikishe afya na usalama wa wafanyakazi. Basi mkaguzi wa kazi anapofika, kabla ya kuomba karatasi, aende kwanza kusukuma mlango wa nyuma.

Lakini tusimngojee mkaguzi. Wewe unayesoma haya, kesho ukifika kazini, usukume mwenyewe. Ukikataa kufunguka, mwambie mkubwa wako, mbele ya mjumbe wa sendika kama yupo. Mwizi akiingia, tunapoteza mali. Watu wakishindwa kutoka, hakuna bei itakayowarudisha.