Lumbesa yampunja mkulima, na kuli pia

Kila msimu wa viazi na vitunguu unapopamba moto katika masoko ya Dar es Salaam, mjadala wa lumbesa hurudi pale pale. Wakulima hulalamika kwamba gunia la kilo 130 linanunuliwa kwa bei ya gunia la kilo 100. Wanunuzi nao hujitetea kuwa hayo ndiyo mazoea ya soko. Katika mabishano hayo yuko mtu asiyetajwa kabisa, naye ndiye anayelishusha gunia hilo kutoka kwenye lori. Huyo ni kuli.

Hesabu ya kuli ni nyepesi. Yeye hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Gunia likishonewa kilo 30 za ziada, ujira haubadiliki, maana yake kilo hizo 30 anazibeba bure. Baadhi ya wenye mali huiona hiyo kuwa nafuu ndogo isiyomdhuru mtu. Madhara yapo, ila hayaingizwi katika daftari la mauzo.

Mojawapo ya maradhi yanayoweza kumpata mbeba mizigo ni kubanwa kwa mishipa ya mkono katika uwazi mwembamba ulio kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Humo hupita mishipa ya fahamu na mishipa mikubwa ya damu. Watu wachache, wasiofika mmoja katika kila 100, huzaliwa na ubavu wa ziada shingoni, na hao wamo hatarini zaidi. Wengine hupatwa baada ya ajali, au kwa kazi ya kubeba mizigo mizito begani na kuinua mikono juu mara kwa mara.

Dalili zake ni ganzi vidoleni, hasa kidole cha pete na cha mwisho, maumivu ya shingo na bega, na mkono kukosa nguvu. Dalili hizo hufanana na za maradhi ya pingili za shingo, na hakuna kipimo kimoja kinachotosha kuuthibitisha ugonjwa huu. Matokeo yake mgonjwa huzunguka. Huanza kwa kuchuliwa, huhamia kwenye vidonge vya dukani, na mwisho huambiwa ni uchovu tu. Ni kweli kwamba si kila bega linalouma lina ugonjwa huu, na ndiyo sababu uchunguzi wa daktari ni wa lazima. Aidha, mkono ukivimba ghafla na kuwa wa samawati, au ukipauka na kuwa wa baridi, hospitali haingoji kesho. Huenda damu imeganda, na bonge la damu laweza kufika mapafuni.

Kwa wagonjwa walio wengi, yaani waliobanwa mishipa ya fahamu, tiba ya kwanza si kisu. Ni mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu kwa miezi kadhaa, pamoja na kuacha kubeba mizigo. Upasuaji wa kuondoa ubavu wa kwanza huwangoja wale ambao mazoezi hayakuwasaidia, au walioathirika mishipa ya damu. Hapo ndipo penye tatizo. Mapumziko hayauzwi dukani, lakini kwa mtu anayekula kwa kazi ya siku ile ile hakuna dawa iliyo ghali zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na waajiri. Kuli leo yuko na mwenye viazi, kesho na mwenye kabichi. Nani amchangie?

Dawa ya kudumu imo ndani ya soko lenyewe. Wakala wa Vipimo unapiga marufuku lumbesa, na kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100. Hata kikomo hicho ni kikubwa kwa bega la mtu mmoja, kwani Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Nchini Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia la kilo 50.

Wapo watakaosema magunia madogo yanaongeza gharama. Hoja hiyo ina uzito iwapo ushushaji utaendelea kulipwa kwa gunia. Mizani ikiwekwa mlangoni na ujira ukapangwa kwa kilo, gunia la kilo 50 halitamgharimu mwenye mali zaidi ya lile la 100, na hakuna atakayefaidika kwa kujaza kupita kiasi. Vyama vya makuli navyo vikitenga sehemu ya ujira huo kuwa akiba ya matibabu, kuli mwenye ganzi vidoleni ataweza kumwona daktari mapema na kupumzika kabla mkono haujadhoofika. Viongozi wa masoko wana uwezo wa kuanza na mizani hiyo msimu ujao.