PUMBA KAVU KWA WATOTO WA NGURUWE NI HASARA



Wapo wenzetu wanasema eti nguruwe hachagui, mtupie pumba tu atakula. Huo ni uvivu! Mkubwa sawa, anavumilia. Lakini mtoto aliyeachishwa ziwa juzi alizoea maziwa. Pumba kavu inamwingia puani, anapiga chafya, anaisukuma, nyingi inaishia matopeni. Anadumaa, na baridi hii ya Lushoto ya Juni na Julai inammaliza. Halafu tunasikia ati jirani ana jicho baya. Jicho gani, jamani?

Na pumba hiyo ni ya ushirika. Ng'ombe wa wenzetu Waislamu wanaingoja, ninyi mnaimwaga!

Pumba, mashudu na dagaa vikorogwe na maji, viwe kama uji mzito, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Uji wanaula upesi na wote pamoja, kwa hiyo hori liwe refu, la sivyo wanyonge watasukumwa. Uliolala umechacha, mwageni, osheni hori. Maji ya kunywa yawepo vilevile. Chakula cha vidonge cha dukani hakimwagiki sana, kweli, ila bei yake mnaijua.

Asiye na muda wa kukoroga aje atueleze mkutanoni muda wa kukaa kilabuni anautoa wapi.

Katibu wa Tawi