Kuandika Wosia si Kujichuria



Miezi michache iliyopita niliitwa usiku kumpa mzee mmoja Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Hakuweza tena kusema. Nilipotoka uani niliwakuta watoto wake wakibishana kwa sauti ya chini: hati ya kiwanja iko wapi, nani ana kadi ya bima, nani atabaki na mama. Majibu yote alikuwa nayo mzee, na kauli ilikuwa imemtoka.

Wapendwa, tunaogopa kuzungumzia mambo haya tukidhani ni kujichuria. Mzee akitaja wosia, watoto humnyamazisha: "Baba, utaishi tu." Watoto wakiuliza, huonekana wana haraka ya kurithi. Basi kila mmoja hunyamaza kwa heshima, na kifo huikuta nyumba haijajipanga.

Maandiko hayana woga huo. Nabii Isaya alimwagiza mfalme Hezekia, akiwa mgonjwa, atengeneze mambo ya nyumba yake. Naye hakufa siku ile, aliongezewa miaka 15. Yoshua bin Sira, sura ya 33, anaonya mtu asigawe mali yake angali hai akaja kuwaomba watoto wake, bali aigawe siku zake zikifika mwisho. Wosia hufanya hivyo: mali inabaki yako, na neno lako liko tayari. Naye Bwana wetu msalabani hakuwa na shamba la kugawa. Alichopanga ni nani atamtunza Mama yake. Wosia unaotaja kiwanja na kumsahau mama ni nusu ya wosia.

Basi leo baada ya Misa, kaeni pamoja. Mzee aseme hati ziko wapi, anamdai nani na anadaiwa na nani, angependa kutunzwa wapi nguvu zikimwishia, na nani amsemee hospitalini. Kisha aandike wosia, amtaje msimamizi wa mirathi, aweke tarehe na sahihi mbele ya mashahidi wasio warithi. Taratibu za kimila zinataka mashahidi wasiopungua wawili kwa ajuaye kusoma na kuandika, na wanne kwa asiyejua. Wosia waweza kutunzwa RITA au kwa wakili.

Nanyi watoto, Amri ya Nne hakupewa binti anayeishi nyumbani peke yake. Aliye mbali achangie matunzo, na anayeuguza apokewe zamu, apumzike. Yesu aliwakemea waliotumia hata sadaka kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao.

Yule mzee tulimzika. Vikao vya ukoo bado vinaendelea, na mama anahamishwa kila mwezi kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule, akiwa na begi lake la nguo. Neno moja la mumewe lingemtuliza. Tuseme tungali na kauli.

Dominika njema.