Punda na Meno Yake

Husemwa kwamba fadhila ya punda ni mateke. Sisi twauliza: fadhila yetu kwake ni ipi? Vijijini Ugogo ndiye achukuaye maji, kuni na nafaka. Akikonda, husingiziwa uzee, wala hapana amtazamaye kinywani.

Meno ya punda huzidi kuchomoza kwa miaka mingi, nayo husagika kwa kutafuna. Taya la juu ni pana kuliko la chini. Basi magego ya juu hufanya makali upande wa shavu, na ya chini upande wa ulimi. Mnyama hujeruhiwa, akakonda na malisho yapo. Dawa yake ni tupa. Lakini mkono usiofundishwa huharibu jino.

Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikataza punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi. Kumwokoa na kisu na kumwacha afe kwa jino si huruma. Twaomba mwanafunzi wa mifugo pale Mpwapwa asipewe cheti mpaka ametia tupa kinywani mwa punda mbele ya mwalimu wake. Nasi makarani, tuandikapo makadirio ya wilaya, tusisahau fungu la tupa hizo.