Baraza Langu Silikodishi

Ndugu na jamaa hunionea huruma kwa kuwa nakaa Mwembe Tayari, hapa Mombasa. "Walalaje pale?" huniuliza. Sikatai, usingizi wetu ni wa mang'amung'amu. Saa tatu za usiku ndipo honi za mabasi ya Nairobi zinapopamba moto. Wapiga debe waita, mahamali wapita na mikokoteni ya magunia, tuktuk zaziba njia, na muuza kahawa agonga vikombe vyake katikati ya zogo lote hilo. Alfajiri, mwadhini hajamaliza kuadhini, basi la Dar es Salaam lishawasha injini.

Walakini mtaa huu haukuwa njia panda jana wala juzi. Wazee wetu husimulia kuwa hapa, chini ya mwembe, ndipo wapagazi walipokusanyika wakafunga mizigo, wakawa tayari kwa safari ya bara. Hayo ni ya kabla ya reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Hata zile sanamu za askari zilizosimama hapa ni ukumbusho wa Waafrika na Waarabu waliopelekwa katika vita vya 1914 hadi 1918, na wengi wao hawakurudi. Treni mpya iliyokuja mwaka 2017 nayo haikutuondolea abiria, maana stesheni yake iko Miritini, nje ya kisiwa. Basi mwenye kukaa Mwembe Tayari akawachukia wasafiri ni kama mwenye kujenga ufuoni akayachukia mawimbi.

Nayasema haya kwa sababu nyumba yetu, aliyoijenga marehemu babu, ina baraza mbele. Wasafiri hukaa hapo wakingojea mabasi. Hivi karibuni alinijia bwana mmoja wa mabasi, ataka kulikodi baraza aweke kibanda cha kukatia tiketi. Kodi aliyoitaja si haba. Mwanangu mkubwa alifurahi. "Baba," akanambia, "baraza hili latuletea nini, ila maganda ya machungwa na wezi?"

Sikuweza kumkemea, kwani ana haki. Tumeibiwa viatu mlangoni. Tumeamka tukakuta ukuta umekojolewa. Na mimi mwenyewe, ndugu msomaji, nimewahi kumfukuza mtu pale, na hilo ndilo linaloniuma.

Ilikuwa usiku, siku chache baada ya viatu kuibwa. Nilimkuta mama mmoja kajikunja barazani na mtoto wake mgonjwa. Walikuwa wamemleta mtoto hospitali kutoka Lamu, na basi lao lilikuwa la asubuhi. Nikamwambia, "Mama, hapa si stendi." Hakujibu neno. Alianza kufunga bahasha yake. Mke wangu akatoka, akamshika mkono, akamwingiza ndani kwa wanawake wenziwe, akawapa maji na chakula. Mimi nikabaki nje na funguo zangu. Asubuhi walikuwa washaondoka, na baraza lilikuwa limefagiwa.

Sisi Waislamu twajua kuwa msafiri aliyekwama, ibn sabil, ni mmoja wa wale wanane waliotajwa katika Qur'ani kuwa wana haki katika zaka. Haikusemwa msafiri tumjuaye, wala wa kabila letu. Lakini twafanyaje leo? Twangoja Ramadhani tuwatafute maskini tuwajuao, na huku msafiri mlangoni twamuuzia chupa ya maji kwa bei maradufu. Mgeni asiyejua nauli hudanganywa mbele ya macho yetu, nasi twanyamaza, twasema hayatuhusu.

Kisha twajisifu kwa utamaduni! Wageni wa Ulaya huletwa Mji wa Kale wakapiga picha milango na mabaraza, nasi twafurahi. Lakini ustaarabu wa Mswahili hauko katika chokaa. Baraza lilijengwa nje ya mlango ili mpita njia apate pa kukaa bila ya kuvunja sitara ya nyumba. Siku itakapokuwa hakuna mtu ruhusa kukaa, litakuwa tofali tu.

Hata hivyo, haki haiko upande mmoja. Msafiri naye ana wajibu wake. Aombe ruhusa, asitupe takataka, na haja yake aifanyie chooni. Nasi wenye nyumba tuna la kufanya mbali na kulalamika. Mimi na wanangu tumetia taa mbele ya nyumba, tumeweka pipa la taka, na mtungi wa maji wenye kata umerudi mahali pake kama zama za babu. Tangu taa iwake, mambo ya ukutani yamepungua. Na akija mwanamke na watoto usiku, hatumwachi nje. Huingia ndani kwa wanawake.

Mwanangu hajakubaliana nami. Asema sitara hailipi karo za wajukuu, na hesabu zake ni sawa. Kodi ile ingalinifaa. Lakini nimemjibu yule bwana wa mabasi kuwa baraza lina wenyewe, na wenyewe wako njiani.