Tuwakumbuke na marubani tuliowadungua wenyewe

Ukipanda treni ya SGR kutoka Dar kwenda Morogoro, utaipita Kwala. Siku hizi Kwala ni makontena. Bandari kavu ilizinduliwa Julai 2025 na wengi wetu jina hilo tumelijulia hapo. Mbele yake ni Ngerengere, kwenye kituo cha ndege za kivita cha JWTZ. Kila nikipita njia ile najiuliza: katika kizazi chetu, nani anaweza kutaja jina la rubani mmoja tu aliyekufa katika Vita vya Kagera?

Turudi nyuma kidogo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Mwanzoni mwa Novemba, nchi ikiwa katika taharuki, askari wetu wa kutungua ndege huko Kanda ya Ziwa walizifyatulia ndege tatu wakidhani ni za Amin. Kumbe zilikuwa zetu. Marubani wakafa.

Sasa linganisha. Machi 1979 ndege ya mabomu ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuipiga Mwanza. Ikakosa shabaha, ikaua swala kwenye kisiwa cha Saanane. Kisa hicho watu wanakisimulia huku wanacheka. Jamani, hata swala wana kisa chao, marubani wetu hawana!

Nadhani tunaona aibu. Aliyeuawa na adui ni rahisi kumwita shujaa. Aliyeuawa na mwenzake kwa bahati mbaya anatutia kigugumizi, tunaona afadhali tunyamaze.

Wenzetu hawakunyamaza. Guy Gibson alikuwa rubani wa ndege za mabomu wa Uingereza. Mei 1943 aliongoza ndege 19 kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani; nane hazikurudi, wanajeshi 53 wakafa. Akapewa Victoria Cross, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Septemba 1944 ndege yake ilianguka Steenbergen, Uholanzi, akafa na mwongoza njia wake, Jim Warwick. Gibson alikuwa na miaka 26 tu. Chanzo bado kinabishaniwa, na mojawapo ya maelezo ni kwamba alidunguliwa kwa makosa na ndege ya Waingereza wenzake. Hilo linasemwa hadharani, na heshima yake haijapungua hata chembe. Steenbergen kuna mitaa yenye majina yao wote wawili.

Tena hawamkumbuki kwa kufumba macho. Wanasema pia kwamba mafuriko ya yale mabwawa yaliua zaidi ya watu 1,000, wengi wao wageni waliokuwa wakifanyishwa kazi kwa nguvu na Wajerumani. Kumbukumbu ya kweli hubeba yote mawili, ushujaa na hasara.

Hoja yangu ni ndogo. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mashada, mkuki na ngao, halafu tunarudi nyumbani. Kwa nini tusisomewe na majina? Marubani wale watatajwa, na itaelezwa walikufaje. Aliyerusha ndege kuilinda nchi hakuchagua risasi ya kumwangusha itoke upande gani. Kosa halikuwa lake, basi kwa nini adhabu ya kusahauliwa aibebe yeye?

Naomba kutoa hoja.